Gemu kwenye Linux: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kadi ya Michoro na Sauti

Mashine ya gemu ikigoma, neno la kwanza linalotoka mdomoni ni "kadi hii haielewani na Linux". Mara nyingi kadi haina kosa. Kompyuta inatumia kitu kingine ambacho hukijui: draiva (programu inayoendesha kifaa) nyingine, kadi nyingine, tundu jingine la sauti. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanaanza kwa kuiuliza mashine yenyewe inatumia nini, kabla hujasakinisha wala kufuta chochote. Amri zote zinaandikwa kwenye teminali, na zile zenye `sudo` zitakudai nywila.

## MICHORO

Nitajuaje Linux inaendesha kadi yangu kwa draiva gani?

Andika hivi:

`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'`

Utapata kitu kama hiki:

```
01:00.0 VGA compatible controller: NVIDIA Corporation TU116 [GeForce GTX 1660 SUPER]
        Kernel driver in use: nouveau
        Kernel modules: nvidiafb, nouveau
```

Mstari wa kutazama ni ule wa `Kernel driver in use`. Hapo juu kadi ni ya NVIDIA lakini inaendeshwa na `nouveau`, draiva huria, na si ile ya kampuni. Kwa AMD ya kisasa unatarajia `amdgpu`. Kwa Intel utakuta `i915` au `xe`. Mstari huo usipokuwepo kabisa, kadi imeonekana ila hakuna aliyeichukua, na hapo ndipo pa kuanzia kazi. Kadi yenyewe isipoorodheshwa, zima mashine, ichomoe kadi, ichomeke upya mpaka kile kibano cha tundu lake kilie, halafu angalia waya zake za umeme.

Kadi yangu ina nguvu, mbona gemu inatambaa kama konokono?

Kwanza hakikisha kadi inafanya kazi kweli:

`glxinfo -B | grep -i renderer`
`vulkaninfo --summary`

Ukiona neno `llvmpipe`, basi kadi imekaa bure na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Kwa upande wa Vulkan, njia ambayo gemu mpya hutumia kuiamuru kadi, `llvmpipe` ikiwa jina pekee kwenye orodha, hali ni ileile.

Hili limenipata. Nilisakinisha mfumo kwenye mashine yenye kadi ya AMD, na kwa kuwa fleshi ya kusakinishia ilikuwa ikitoa skrini nyeusi, nikachagua ule mlango wa usalama wa michoro kwenye menyu. Mfumo ukaingia vizuri, eneo-kazi likafunguka, nikafurahi. Nikafungua gemu ndogo ya pande mbili, ya kurukaruka tu, ikawa inaenda fremu chache kwa sekunde. Siku mbili nzima nikawa nasakinisha na kufuta Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za michoro. Kilichonizindua ni masikio: feni ya prosesa ilikuwa inanguruma, na za kadi zimesimama tuli. Nikaandika `cat /proc/cmdline`, na mwishoni mwa mstari nikalikuta limekaa: `nomodeset`. Ule mlango wa usalama uliliandika neno hilo kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayoianzisha Linux mashine inapowaka, na likabaki huko, na likiwepo `amdgpu` inakataa kupakiwa.

Dawa yake: fungua `/etc/default/grub`, liondoe neno hilo, kisha `sudo update-grub` kwa jamii ya Debian na Ubuntu, au `sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg` kwa Arch. Washa upya. `nomodeset` ni gongo la kukutoa hospitali hadi nyumbani. Ukishafika, liweke pembeni.

Kadi ipi inataka draiva ipi?

AMD ndiyo nyepesi kuliko zote. `amdgpu` imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na juu yake Mesa inaleta RADV kwa ajili ya Vulkan na radeonsi kwa ajili ya OpenGL, mtangulizi wa Vulkan. Hakuna cha kupakua. Kinachohitajika ni vitu vitatu viende pamoja: kerneli, Mesa na kifurushi cha `linux-firmware`. Kadi iliyotoka juzi kwenye distro (aina ya Linux, kama Ubuntu au Fedora) ya miaka mitatu iliyopita itakupa skrini nyeusi au ubora duni, na watu watakwambia AMD ni mbovu. Chungulia `sudo dmesg | grep -i amdgpu`. Ikilalamika kwamba imeshindwa kupakia faili ya fimwea (programu ya ndani ya kadi), tatizo ni umri wa vifurushi vyako.

Kuna kadi za AMD za kizazi cha kwanza na cha pili cha GCN, kama HD 7970 na R9 290, ambazo kwa miaka mingi kerneli ilizikabidhi kwa draiva ya zamani ya `radeon`. Draiva hiyo haina Vulkan. Ukikuta kadi yako iko huko, ongeza maneno haya kwenye mstari wa kerneli: `radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1` kwa kizazi cha kwanza, na kwa cha pili weka `cik` mahali pa `si`. Kadi iliyokuwa inakataa gemu nusu ya maktaba yako inaamka.

Intel Arc, zilizoanza kuuzwa mwaka 2022, zinataka kerneli 6.2 au mpya zaidi ili zitambulike bila kulazimishwa. Ingia pia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Linux, uwashe Resizable BAR, inayoruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja. Bila hiyo Arc inapoteza kasi nyingi, na hakuna draiva itakayokurudishia.

NVIDIA ndiko kwenye maneno mengi. Kwa gemu unataka draiva rasmi ya kampuni. Tangu 2022 kampuni imefungua msimbo wa moduli zake za kerneli (vipande vya draiva vinavyopakiwa ndani ya kerneli), kwa kadi za Turing kwenda juu, yaani GTX 16 na RTX 20 kuendelea. Kwa RTX 50 moduli hizo za wazi ni lazima; ukisakinisha zile za zamani zilizofungwa, kadi haitawaka. Kwa upande mwingine, safu ya 580 ndiyo ya mwisho kuhudumia Maxwell na Pascal, kwa hiyo mwenye GTX 970 au GTX 1060 asiruke kwenda 590 kwa sababu tu namba ni kubwa. `nouveau` nayo imepata mwenzake wa Vulkan ndani ya Mesa aitwaye NVK, na kwa kadi za Turing na zaidi inatia moyo. Lakini kwa GTX 900 na GTX 1000 usiitegemee: kadi hizo zinadai fimwea yenye sahihi ya kampuni ili kupandisha kasi, kwa hiyo chini ya `nouveau` zinabaki kwenye kasi ya kuamkia. Ni gari iliyokwama gia ya kwanza.

Kadi yangu ni ya zamani. Nitacheza gemu za Windows kwa Proton?

Inategemea Vulkan. Proton, ambayo Valve, wenye duka la gemu la Steam, waliitoa mwaka 2018 ili gemu za Windows zicheze kwenye Linux, hutumia DXVK kutafsiri Direct3D (njia ya michoro ya Windows) 8 hadi 11 kwenda Vulkan, na VKD3D-Proton kwa Direct3D 12. DXVK 2.0, ya Novemba 2022, ilianza kudai Vulkan 1.3. Kadi za NVIDIA za Kepler (nyingi za GTX 600 na 700) zinaishia draiva ya safu ya 470, na hiyo inaishia Vulkan 1.2. Kwa hiyo Proton mpya zinaanguka papo hapo, wakati mwingine bila kuonyesha dirisha lolote.

Una njia mbili. Chagua Proton 7.0 kwenye sifa za gemu ndani ya Steam, ambayo ina DXVK ya zamani. Au weka `PROTON_USE_WINED3D=1 %command%` kwenye chaguo za kuanzisha, ili tafsiri ipite OpenGL. Hii ya pili ni polepole zaidi, ila gemu za Direct3D 9 zinachezeka. Kadi za Fermi hazina Vulkan kabisa, hivyo kwao imebaki hiyo ya pili tu. Kwa michoro iliyo ndani ya prosesa za Intel, Skylake ya mwaka 2015 na kuendelea ndiyo salama. Haswell na Broadwell zina Vulkan ya kubahatisha.

Nipakue draiva kutoka tovuti ya NVIDIA kama nilivyozoea Windows?

Hapana. Tumia vifurushi vya distro yako. Ile faili ya `.run` inaweka vitu vyake bila meneja wa vifurushi kujua, na siku ya kusasisha mfumo mtagombana.

Nimesakinisha draiva ya NVIDIA, nimewasha upya, bado haipo.

Jaribu kuipakia kwa mkono: `sudo modprobe nvidia`. Ukijibiwa `Key was rejected by service`, mkosaji ni Secure Boot. Ulinzi huu wa BIOS ukiwa umewashwa, kerneli inakubali tu moduli zenye sahihi inayoitambua, na moduli iliyojengwa kwenye mashine yako haina sahihi hiyo. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`.

Ukizima Secure Boot kwenye BIOS, kesi imeisha. Ukitaka ibaki, lazima ufunguo wako usajiliwe. Ubuntu hukuomba utunge nywila wakati wa kusakinisha draiva. Ukiwasha upya, inatokea skrini ya buluu yenye menyu, na humo unachagua `Enroll MOK` na kuandika nywila ileile. Skrini hiyo hungoja sekunde chache tu kisha inaondoka. Wengi huwa wameenda kuchemsha chai. Ikikupita, andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, tunga nywila upya, uwashe tena, na safari hii usibanduke kwenye kiti.

Jana ilikuwa inacheza, leo baada ya kusasisha ni skrini nyeusi.

Usifomati. Kerneli mpya imeingia, na moduli ya NVIDIA haikujengwa kwa ajili yake. Kwenye menyu ya GRUB chagua kerneli ya jana. Menyu isipojitokeza, bonyeza Esc au ushikilie Shift mashine inapowaka. Ukishindwa hata hapo, Ctrl+Alt+F3 mara nyingi hukupa teminali tupu ya kuingilia.

Ukiwa ndani, tazama `dkms status`. DKMS ndiyo inayojenga moduli upya kwa kila kerneli. Moduli ya `nvidia` ikionekana kwa kerneli ya zamani tu, kilichokosekana karibu kila mara ni faili za vichwa vya kerneli mpya. Kwa Ubuntu, ukiwa umewaka kwa kerneli hiyo mpya kupitia teminali: `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, kisha `sudo dkms autoinstall`. Wa Fedora wenye akmods, inayofanya kazi hiyohiyo ya kujenga moduli, wana kosa lao: wanawasha upya mara tu usasishaji unapomalizika, kabla moduli haijajengwa nyuma ya pazia. Subiri hadi `modinfo -F version nvidia` ikupe namba, ndipo uwashe.

Laptopu yangu ina kadi mbili. Gemu inatumia ile dhaifu.

Ndivyo ilivyopangwa, ili betri idumu. Kadi kubwa huitwa kwa jina pale inapohitajika. Kama zote ni za Mesa (AMD na AMD, au Intel na AMD), weka `DRI_PRIME=1 %command%` kwenye chaguo za kuanzisha za Steam. Kama kubwa ni NVIDIA: `__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%`, au `prime-run %command%` kwa distro zenye amri hiyo. Hakiki kwa kuendesha `glxinfo -B` ukiwa umetanguliza maneno hayohayo. Usiweke maneno haya kwenye mfumo mzima, la sivyo hata kivinjari kitaiamsha kadi kubwa na betri itakwisha mchana.

Nabonyeza kucheza, Steam inafikiri kidogo, halafu kimya.

Steam yenyewe na gemu nyingi za zamani ni za biti 32, na draiva ya biti 64 peke yake haiwasaidii. Kwa Debian na Ubuntu: `sudo dpkg --add-architecture i386`, sasisha orodha, kisha `sudo apt install mesa-vulkan-drivers:i386`. Mwenye NVIDIA anahitaji vifurushi vya biti 32 vya toleo lilelile la draiva yake, maana namba zikipishana hata kidogo hakuna kinachowaka. Kwa Arch washa `multilib` uweke `lib32-vulkan-radeon` au `lib32-nvidia-utils`.

Steam ya Flatpak (vifurushi vinavyokaa mbali na vya distro) ina draiva yake ya NVIDIA iliyotengwa na ya mfumo. Ukisasisha mfumo na kuisahau Flatpak, zinaachana. `flatpak update`, basi.

Kama bado, weka `PROTON_LOG=1 %command%`, anzisha gemu, kisha tafuta kwenye folda yako ya nyumbani faili iitwayo `steam-` ikifuatwa na namba ya gemu. Isome kuanzia chini kupanda juu.

Monita ni ya kasi, lakini naona 60 Hz tu.

Anza na waya. Kama ni HDMI na kadi ya AMD, kuna kisa cha kujua: mwaka 2024 HDMI Forum ilikataa HDMI 2.1 iingizwe kwenye draiva huria ya AMD, ndiyo maana 4K kwa 120 Hz kupitia HDMI imekuwa ikikwamia kwenye ukomo wa HDMI 2.0 hata kadi ikiwa na tundu la 2.1. Tumia DisplayPort. Kwa televisheni isiyo na DisplayPort, watu hutumia adapta hai ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI 2.1.

Kuhusu kasi inayobadilika kufuata fremu, X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, haiwezi vizuri ukiwa na monita zaidi ya moja. Hamia Wayland, mrithi wake. Wenye NVIDIA walioijaribu zamani wakakimbia kwa sababu ya picha kupepesuka wajaribu tena wakiwa na draiva 555 au zaidi. Toleo hilo la 2024 lilileta usawazishaji wa wazi kati ya kadi na eneo-kazi, na kupepesuka kwingi kuliishia hapo.

Kompyuta inaganda katikati ya gemu, nalazimika kuizima kwa kitufe.

Ukishawasha tena, soma kumbukumbu za safari iliyopita: `journalctl -k -b -1`, uende mwisho kabisa.

Kwa NVIDIA tafuta neno `Xid`. Namba inayofuata ina maana. `Xid 79` inasema kadi imeanguka kutoka kwenye basi, yaani kerneli haiioni tena, kana kwamba umeichomoa. Hapo acha kubadilisha draiva. Angalia vitu vya kushikika: pawa saplai isiyomudu mzigo, waya wa umeme uliolegea, waya wa kurefusha PCIe wa bei poa, joto. Kipimo changu cha haraka ni kupunguza umeme wa kadi, kwa mfano `sudo nvidia-smi -pl 120` kama kadi yako inaruhusu kiwango hicho, kisha kucheza gemu ileile kwa saa moja. Ikitulia, pawa saplai ndiyo mshukiwa wa kwanza. `Xid 13` na `Xid 31` mara nyingi ni kosa la gemu au draiva, si la kifaa, na hapo kujaribu Proton nyingine kuna maana.

Kwa AMD utakutana na `ring gfx` na neno `timeout`. Kadi ilipewa kazi ikashindwa kujibu kwa wakati. Ikitokea kwenye gemu moja tu, sasisha Mesa na kerneli. Ikitokea kwenye kila gemu, na kasi ya kadi umeipandisha mwenyewe, irudishe ilikotoka kabla ya kuandikia watu malalamiko.

Gemu inakwamakwama dakika za mwanzo kisha inatulia.

Sheda, programu ndogo za kuchorea zinazoendeshwa na kadi, zinajengwa. Ziache zimalizike, na usifute `~/.cache/mesa_shader_cache` kila wiki ukidhani unasafisha.

## SAUTI

PulseAudio, PipeWire, ALSA: nina ipi?

ALSA iko chini kabisa, ndani ya kerneli, inazungumza na kifaa. Juu yake sasa distro nyingi zinatumia PipeWire, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya PulseAudio zinahudumiwa na PipeWire ikijifanya PulseAudio. `pactl info` itakujibu `PulseAudio (on PipeWire ...)` ikiwa ndivyo. Ukikuta zote mbili zinakimbia kwa wakati mmoja, ondoa PulseAudio, maana zitagombea kifaa kimoja.

Hakuna sauti kabisa kwenye gemu.

Fungua `pavucontrol` gemu ikiwa inakimbia, uende kichupo cha Playback. Tazama ule mstari chini ya jina la gemu. Kama unarukaruka, gemu inatoa sauti, ila sauti inakwenda pasipo na masikio. Nimewahi kupoteza jioni nzima hapa: kadi ya michoro nayo ni kadi ya sauti kupitia HDMI na DisplayPort, na siku nilipobadilisha monita mfumo ukaamua kwamba monita mpya ndiyo spika. Monita haikuwa na spika. Mstari unacheza, mimi nabadilisha hedifoni.

`wpctl status` itakuorodheshea vifaa vyote, na chenye nyota ndicho kinachotumika. Chukua namba ya unachokitaka, mfano 52, uandike `wpctl set-default 52`. Kama huioni HDMI kuwa na kazi yoyote, nenda kichupo cha Configuration cha `pavucontrol` uizime kabisa, haitakurukia tena.

Kama mstari hauchezi, gemu yenyewe imechagua kifaa kingine kwenye mipangilio yake, au imezimwa sauti.

Na kama mstari unacheza, kifaa ni sahihi, na bado kimya? Andika `alsamixer`, bonyeza F6, chagua kadi halisi. Utaona safu za mistari wima. Chini ya kila mmoja kuna kisanduku kidogo. Kikiwa na `MM`, umezibwa. Nenda kwa mishale hadi hapo ubonyeze M, kigeuke `00`. Pita Master, Headphone, Front na Speaker. Mwisho wa mistari kulia huwa kuna `Auto-Mute Mode`, inayozima spika ikihisi hedifoni zimechomekwa. Tundu la mbele ya kasha likiwa bovu, linahisi hedifoni hata pakiwa patupu. Izime.

Mfumo unaonyesha "Dummy Output" tu.

PipeWire haijapata kadi yoyote. Andika `aplay -l`. Isipoorodhesha kitu, kerneli nayo haijaiona kadi. Kwa laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni kinachokosekana ni fimwea ya SOF, iliyo kwenye kifurushi cha `sof-firmware` au, kwa Debian, `firmware-sof-signed`. Sakinisha, zima, washa. Kadi ikionekana kwenye `aplay -l` na bado ni Dummy, tazama nani ameishikilia kwa `fuser -v /dev/snd/*`, halafu `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`.

Nasikia risasi na muziki, lakini wahusika wanafumbua midomo bila sauti.

Swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake ni dogo na hakuna anayelitegemea. Kifaa chako kimewekwa 5.1 wakati una spika mbili. Gemu inatuma mazungumzo kwenye spika ya katikati, na wewe huna ya katikati. Kichupo cha Configuration, chagua Stereo, anzisha gemu upya.

Sauti inakwaruza au inakatikakatika gemu ikipamba moto.

PipeWire hutuma sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 256 kwa kasi ya 48000 ni kama milisekunde 5.3, fungu la 1024 ni kama 21. Fungu dogo linapunguza ucheleweshaji lakini prosesa lazima irudi kulijaza mara nyingi, na ikiwa imeelemewa na gemu inachelewa, nawe unasikia mkwaruzo. Fungua `pw-top` gemu ikikimbia. Safu ya `ERR` ikipanda, umempata mchawi.

Panua fungu kwa majaribio: `pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024`. Hii hubaki mpaka PipeWire iwashwe upya, kwa hiyo haikuachii uchafu; na kuirudisha ni kuweka 0 mahali pa 1024. Ikisaidia kwa gemu moja tu, `PULSE_LATENCY_MSEC=60 %command%` inatosha. Wapo wanaoongeza namba hadi 8192 kwa kupiga ramli. Hapo risasi utaisikia baada ya adui kuanguka.

Spika zinatoa "tap", au neno la kwanza la kila sauti linamezwa.

Kadi inalala ili kuokoa umeme. Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/sauti.conf` yenye mstari `options snd_hda_intel power_save=0` na uwashe upya. Isipotosha, WirePlumber, msimamizi wa vifaa wa PipeWire, nayo hulaza kifaa baada ya sekunde chache za ukimya. Kwenye mipangilio yake weka `session.suspend-timeout-seconds` iwe 0.

Hedifoni za Bluetooth zinasikika kama simu ya zamani nikifungua maikrofoni.

Si Linux. Bluetooth ya kawaida ina njia ya muziki, A2DP, isiyo na maikrofoni, na njia ya simu, HFP, yenye maikrofoni lakini sauti ya 8 kHz, au 16 kHz ukiwa na mSBC. Ukifungua maikrofoni mfumo unahamia ya pili. Tumia maikrofoni ya pembeni, bakisha hedifoni kwenye A2DP. Hedifoni za kidongo cha USB cha 2.4 GHz hazina shida hii, na nyingi hutambulika kama kifaa cha kawaida cha sauti cha USB. Baadhi huonekana kama vifaa viwili, cha gemu na cha maongezi: ukipeleka gemu kwenye cha maongezi, sauti inakuwa nyembamba. Programu ya taa na ikwalaiza ya mtengenezaji ndiyo kwa kawaida haipo.

Maikrofoni ya hedifoni za waya haionekani.

Tazama pini. Ikiwa na pete tatu nyeusi, inabeba sauti na maikrofoni pamoja, na kompyuta ya mezani yenye matundu mawili tofauti haiwezi kuzitenganisha. Unahitaji kigawanyio. Hakuna amri itakayoziba pengo hilo.

## MENGINEYO

Gemu ya mtandaoni inanifukuza. Kadi yangu haifai?

Kadi haihusiki. Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu za kuzuia udanganyifu kwenye gemu, zimeweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, lakini kila mtengenezaji wa gemu anaamua kuruhusu au la.

Nikiomba msaada, niandike nini?

Matokeo ya `inxi -GAz`: G ni michoro, A ni sauti, z inaficha taarifa zako binafsi. Ongeza jina la gemu, toleo la Proton, na mistari ishirini ya mwisho ya kumbukumbu, kama maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa imepinda. Taja pia ulichobadilisha siku ileile tatizo lilipoanza, hata kama unaona aibu. Ile `nomodeset` yangu ingepatikana kwa dakika tano kama ningemwambia mtu kwamba nilipitia mlango wa usalama.